Pumzi ya Mzoga

Mjukuu wangu anaishi kwa kunguruma. Wenzangu wana wajukuu wahasibu, wengine wana marubani. Wa kwangu anapanda jukwaani na fulana nyeusi yenye picha ya utumbo, anafungua mdomo, na kinachotoka humo ungedhani mtu anaburuta kabati la chuma kwenye sakafu ya saruji. Muziki wenyewe unaitwa deth metal. Niliuliza maana yake, nikaambiwa ni chuma cha kifo. Nikasema haya, angalau hawakunidanganya.

Bendi yao inaitwa Usaha. Wanaume wazima, wenye akili zao timamu na ndevu zao, walikaa kitako wakafikiri, na katika maneno yote tuliyojaliwa kuwa nayo wakaona hilo ndilo la kuandika kwenye mabango. Mjukuu wangu jina lake la jukwaani ni Mzoga. Nyumbani mimi humwita mume wangu, naye huniita mke wangu, ndio utani wetu tangu anaota meno. Shangazi yake, binti yangu mwenye ulimi wa wembe, akitusikia husema, "Mke wa Mzoga, chai yako inapoa."

Alianza bafuni kwangu akiwa bado anavaa sare ya shule. Siku ya kwanza jirani aligonga mlango ameshika glasi ya maji na nusu limau, akijua kuna mtu anatapika hadi kufa. Mpaka leo namkumbuka jirani yule kwa limau lake. Shangazi mtu alitaka tuite watu waje kumwombea.

"Mama, haya ni mambo ya shetani."

"Shetani gani huyo hajui hata kupanga vina?" nikamjibu.

Maana maneno nilikuwa nayasikia yote. Watu husema katika muziki ule hakuna neno linaloshikika, lakini ukikaa miaka upande wa pili wa mlango wa bafu ukimenya viazi, utashika. Ni funza, majeneza, na macho yanayoyeyuka. Wimbo mmoja unataja funza mara nyingi kuliko watu. Mwenye kuyatunga hakuwa mjukuu wangu, na huyo nitamfikia sasa hivi.

Mchana mjukuu wangu anapiga pasi kwa dobi wa mtaa wa nyuma. Kola za mashati yake hazina mpinzani. Anasema mvuke wa pasi ni mzuri kwa koo. Koo hilo analitunza kama yai. Hanywi vya baridi, hapigi kelele barabarani, na kabla ya kuimba anakaa jikoni kwangu akipuliza mapovu kwa mrija kwenye glasi ya maji. Glasi yenyewe ina picha ya bata. Ungemwona Mzoga akibubujisha maji kwenye glasi ya bata, usingemwogopa tena maisha yako yote.

"Anayelazimisha koo ni mjinga, Bibi," aliniambia zamani. "Nguvu inatoka tumboni, kwenye pumzi. Koo ni mlango tu."

Sasa Mkurugenzi. Huyu ndiye mpiga gitaa na mtunzi wa funza. Jina la Mkurugenzi alijipa mwenyewe, na hata akiwa anatafuna anataka umwite hivyo. Anavaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Hasalimii mpaka umwanze. Anazungumza kuhusu kifo kama mtu aliyekwenda huko akarudi na picha, lakini siku waya wa gitaa ulipomchana kidole, alikuja kwangu kutaka plasta akageuza uso ukutani nilipokuwa nafunga. Kidonda chenyewe sikukiona mpaka nilipovaa miwani.

Walipoingia studio kurekodi albamu yao, Mkurugenzi alikaa nyuma ya fundi mitambo akasikiliza. Ghafla akainua mkono.

"Nini hicho kati ya mstari na mstari?"

"Pumzi," fundi akasema.

"Ya nani?"

"Ya mwimbaji. Nani mwingine?"

Mkurugenzi akavua miwani, jambo ambalo halifanyi kila siku. "Mzoga haupumui. Toa."

"Nikizitoa mistari itashikana. Hakuna binadamu atakayeweza kuimba hivyo."

"Sasa umenielewa."

Basi fundi wa watu akazikata pumzi zote za mjukuu wangu, moja moja, akaunganisha mistari kama mtu anayeshona gunia. Wimbo ukawa mngurumo mmoja usio na kituo. Mashabiki wakapagawa. Mwandishi mmoja wa gazeti la muziki akaandika kwamba mwimbaji wa Usaha "amevuka mpaka wa mwili." Shangazi mtu aliponisomea nikacheka hadi akaacha kusoma akanitazama. Mtu amekatwa pumzi na mashine, anaambiwa amevuka mpaka! Basi na samaki niliyemtoa mapafu jana kavuka.

"Samaki hana mapafu, Mama."

"Mwandishi naye hana. Soma mbele."

Albamu ile iliwaletea mwaliko wa onyesho kubwa kuliko yote, ukumbi wa maonyesho, pamoja na bendi ambazo mjukuu wangu alibandika picha zao chumbani tangu utoto. Siku hiyo aliniinua juu na kiti changu. Nilipiga kelele anishushe lakini nilikuwa na furaha, sitasema uongo. Mtoto huyu hakuwahi kutaka kitu kingine.

Balaa likaanza kwenye mazoezi. Wanafanyia kwenye ghala la magodoro la mjomba wake Mkurugenzi, kwa sababu magodoro hunywa sauti na majirani hawalalamiki. Nilikwenda siku moja kumpelekea chupa ya maji ya moto. Mpiga ngoma wao, kijana mpole ambaye kazi yake ni kuoka mikate, aliacha ngoma zake akanipokea, akanishushia godoro la chini nisihangaike kupanda, akanipa pamba ya kuziba masikio, tena safi, ya kwenye paketi. Kijana huyu kila akija nyumbani huniletea mkate laini wa katikati, maana anajua meno yangu. Sijawahi kumwomba.

Wakapiga. Mjukuu wangu akaanza mngurumo, akaenda, akaenda, shingo ikatoa mishipa, uso ukabadilika rangi. Kisha bega likapanda kidogo.

"Umevuta hewa," Mkurugenzi akasema, akasimamisha wote.

"Kidogo tu."

"Nimeisikia. Watu wanakuja kusikia albamu. Albamu haina hewa."

"Bosi, nisipovuta nitaanguka."

"Anguka. Itapendeza kwenye picha."

Nikatoa pamba sikio moja. "Mwanangu, mzoga usiopumua hauimbi vilevile. Ungewawekea picha ukutani mkaenda nyumbani."

Mpiga ngoma akazika uso kwenye taulo, mabega yakimcheza. Mkurugenzi akanigeukia na miwani yake.

"Bi mkubwa, hii ni sanaa."

"Naiona, baba. Imemgeuza mtu zambarau."

Kisha akaanza somo la namna ya kushika maiki. Alitaka mjukuu wangu aikumbatie kwa viganja viwili, aizibe kabisa na kuifunika mdomo, kwa sababu hivyo ndivyo mpiga picha anavyopenda. Fundi mitambo aliwahi kumweleza kwamba maiki ikizibwa hivyo inanasa na kukuza kila kitu, hata mtu akimeza mate. Mkurugenzi alisema mate ni mazuri.

Wiki hiyo mjukuu wangu aliimba kifua kikiwa kimeishiwa hewa, mara kwa mara, mpaka asubuhi moja nikamkuta kwenye sinki la jikoni anatema mate yenye rangi ya waridi. Alitaka kunificha. Akafungua maji ya bomba kwa nguvu, kama vile mimi ni mgeni kwenye sinki langu.

Daktari wa koo alimtazama kwa kamera nyembamba, kisha akauliza anafanya kazi gani. Alipoambiwa hakucheka, na kwa hilo namshukuru mpaka leo.

"Nilitegemea kuona koo lililochanika miaka mingi," alisema. "Kumbe ulikuwa unalitunza kuliko walimu ninaowatibu. Huu uvimbe ni wa juzi tu. Nani amekuambia ubane hewa?"

Mjukuu wangu akatazama viatu vyake.

"Sikiliza, kaka. Nyamaza mpaka uvimbe ushuke. Usinong'one, kunong'ona nako kunachosha nyuzi za sauti. Baadaye imba upendavyo, lakini upumue. Ukirudia hivi, hutapoteza kuimba peke yake. Utapoteza na kusema."

Akanyamaza. Nyumba ikawa kimya hata mimi nikalikosa lile kabati la chuma. Alikwenda kazini akapiga pasi, akarudi, akaniashiria kwa mikono kama anataka chumvi au anataka chai. Na katikati ya kimya hicho Mkurugenzi akaja nyumbani, amemleta kijana mrefu mwenye nywele hadi kiunoni, wanamwita Kucha.

Kucha alivua buti mlangoni, akaniamkia akiwa ameinama. Mkurugenzi aliingia na viatu vyake juu ya sakafu niliyotoka kuipiga deki.

"Nitasema mara moja," alimwambia mjukuu wangu. "Siku ya onyesho utaimba kama albamu ilivyo, bila pumzi. Ukishindwa, Kucha yuko tayari, na usirudi tena. Mzoga ni jina tu. Naweza kumvika yeyote."

Mjukuu wangu hakuweza hata kumjibu. Alikaa ameshika glasi yake ya bata.

"Umemaliza?" nikamwuliza Mkurugenzi. "Basi pita palepale ulipokanyaga, usinichafulie na upande wa pili."

Mkurugenzi akatangulia nje. Kucha alibaki akifunga kamba za buti, akainua uso kwangu. "Bibi, mimi mwenyewe siwezi," akasema taratibu. "Nimejaribu chumbani. Niliamka niko sakafuni."

Daktari alipomruhusu kusema, neno la kwanza mjukuu wangu alilolisema lilikuwa, "Bibi." Ilikuwa asubuhi, tumekaa jikoni, namchambulia mchele.

"Sina kitu kingine ninachokijua," akasema. "Nikikataa, ananitoa. Nikikubali, koo linakwenda. Kola nitapiga pasi, sawa. Lakini mimi si wa kola."

"Unakumbuka niliposhikwa na kichomi?"

Akatikisa kichwa kukubali. Mwaka ule nilikuwa navuta hewa nusunusu, kwa woga, kila pumzi ikinichoma kama sindano. Yeye alikuwa kijana mdogo. Alikaa pembeni ya kitanda changu akawa anavuta hewa kwa sauti kubwa, makusudi, ili nimfuate. Vuta na mimi, mke wangu. Toa. Vuta tena. Wauguzi walisimama mlangoni wakatabasamu, naye hakujali.

"Siku zile hukuona haya kusikika," nikamwambia. "Leo unaona haya kwa sababu ya yule mwenye miwani?"

Kabla hajajibu mpiga ngoma akabisha hodi, mkate kwapani, unga bado kwenye nyusi. Alikuwa amesikia yote kwa Kucha. Akakaa, akasukuma ungo wangu pembeni kwa adabu, akaanza kugonga meza kwa vidole.

"Imba kichwani," akamwambia. "Usitoe sauti. Ukihitaji hewa, inua kidole."

Wakaenda hivyo, wimbo baada ya wimbo. Mmoja anagonga meza, mwingine kafumba macho, midomo inacheza, na kila mara kidole kinapanda kama cha mtoto anayetaka ruhusa ya kutoka darasani. Kila kidole kilipopanda, mwokaji alifunga macho kidogo, akiweka mahali pale kichwani.

"Hapo nitanyamaza," akasema. "Nitainua vijiti juu, nisubiri uvute, halafu nashuka na wewe."

"Kwenye albamu hapana nafasi. Atakufukuza."

"Anifukuze. Mikate haijawahi kunifukuza."

Siku ya onyesho shangazi mtu alisema hatakwenda, kisha akawa wa kwanza kuvaa. Njia nzima alinishikia mkoba wangu akilaani. Ukumbini watu wote walikuwa weusi tii kwa mavazi, kama msiba ambao hakuna anayejua aliyekufa. Jitu moja lenye minyororo shingoni na mchoro wa fuvu usoni liliniona nimesimama, likaenda likarudi na kiti, likasimama nyuma yangu muda wote likizuia watu wasinikanyage. Kila wimbo ulipoanza liliinama kuniuliza, "Bibi, uko sawa?" Shangazi mtu akanong'ona, "Mama, kumbe wana malezi."

Usaha wakapanda jioni jua likiwa bado madirishani. Mkurugenzi alitangulia, akasimama mbele ya kila mtu, akatanua miguu. Mjukuu wangu akaja nyuma na tumbo lake la duara na miwani yake ya kusomea, akaishika maiki kwa viganja viwili kama alivyoagizwa. Nikashika mkono wa binti yangu.

Wakaanza. Mngurumo ukatoka, mzito, ukaenda, ukaenda. Nilikuwa najua mahali kidole kilipopanda pale mezani kwangu. Palipofika, mpiga ngoma akainua vijiti juu ya kichwa, akatulia kama sanamu.

Ngoma zikakatika. Mkurugenzi hakutegemea, gitaa lake likaendelea peke yake hatua mbili tatu kama mlevi aliyekosa ngazi, kisha nalo likanyamaza. Na katika ukimya ule, ndani ya ile maiki iliyozibwa kwa viganja ili picha ipendeze, mjukuu wangu akavuta hewa.

Jamani. Nimezaa, nimezika, nimeugua, lakini sijasikia kitu kama kile. Ilitoka kwenye kila spika. Ilikuwa kubwa, yenye maji na msumeno ndani yake, kana kwamba mtu aliyefukiwa ameipata hewa kwa mara ya kwanza. Lile jitu nyuma yangu likashika mgongo wa kiti changu. Kisha vijiti vikashuka, sauti ya mjukuu wangu ikashuka navyo, imejaa, haina mkwaruzo wa maumivu, na watu wakalipuka.

Mstari wa pili, vijiti juu. Akavuta. Mara hii walio mbele wakavuta naye. Mpaka wimbo wa tatu ukumbi mzima ulikuwa unavuta hewa pamoja, maelfu ya watu wenye mafuvu usoni, mabega yakipanda na kushuka. Shangazi mtu naye alikuwa anavuta. Nilimwona kwa jicho la pembeni, nikajifanya sikuona.

Nilimtazama Mkurugenzi. Mwanzo alimgeukia mpiga ngoma kwa uso wa kutaka kuua. Kisha akaona kamera. Akasita, akageuka mbele, na vijiti vilipoinuka tena akanyanyua mkono wake taratibu, kama yeye ndiye anayeamuru.

Waandishi walipomzunguka nyuma ya jukwaa nilikuwa nimekaa pale pale, nimepewa kiti kingine na jitu lile lile.

"Mkurugenzi, wazo la pumzi limetoka wapi?"

"Pumzi ni falsafa yetu tangu siku ya kwanza," akasema, hata jasho halikumtoka. "Kifo ni nini? Ni pumzi iliyokosa mwenyewe. Nililazimika kumfundisha mwimbaji wangu. Haikuwa rahisi."

Mjukuu wangu alisikia. Mpiga ngoma alisikia. Wakatazamana, mwokaji akampa chupa ya maji ya uvuguvugu na mrija, na wala hawakusema neno. Mimi nilikuwa na maneno, lakini shangazi mtu alinibana mkono.

Yule mwandishi wa gazeti akaandika kwamba Usaha "imerejea kwenye mwili." Safari nyingine atasema wametoka tena. Sasa kuna fulana mpya zimeandikwa VUTA, na Mkurugenzi amemrudisha fundi mitambo studio aweke pumzi zote alizozitoa, na nyingine ambazo hazikuwahi kuwepo. Katika wimbo mmoja mwimbaji anavuta mara mbili mfululizo bila kutoa. Nilimwambia mjukuu wangu mtu wa hivyo angepasuka. Akasema, "Niachie, mke wangu. Jukwaani navuta zangu."

Hakuna aliyefukuzwa. Kumfukuza mpiga ngoma kungekuwa kuifukuza falsafa.

Jumapili iliyofuata niliwapikia kuku. Paja nilimpa mwokaji, la kwanza na la pili, na nikamsimamia ale. Kidari kilikuwa cha mume wangu. Kucha naye alikuja, akavua buti mlangoni, akapata bawa na ini. Mkurugenzi aliingia wa mwisho na miwani yake, hakuniamkia, akavuta kiti. Nikampakulia. Akakodolea sahani.

"Bi mkubwa, shingo?"

"Ndicho kiungo cha kazi yenu, baba. Itafune taratibu, na usisahau kupumua."

Mume wangu alicheka mpaka hewa ikamwishia, ikabidi mwokaji aweke paja chini ampigepige mgongoni.